Nani Alibeba Hasara ya Kasuku?

Mji wa Kindu, katika mkoa wa Maniema, una komuni tatu: Mikelenge, Alunguli na Kasuku. Mimi ni mtoto wa Kasuku. Uko pia mto Kasuku, unaoingia Lualaba. Tulikua tukiwasikia ndege wenyewe asubuhi na jioni, wakivuka mji kwa makundi, wakipiga miluzi, mkia mwekundu ukionekana hata na mtu mwenye macho mabovu. Kwa hiyo hapa Nakivale mtu akiniuliza kwa nini mkimbizi ahangaike na historia ya ndege, namwambia jina hilo lilikuwa kwenye anwani yangu kabla sijapewa namba ya kaya.

Swali lenyewe lilitoka mbali. Dada mmoja wa kwetu aliyehamishiwa Marekani anafanya usafi kwenye nyumba za watu. Katika ujumbe wa sauti alisimulia kwamba mama anayemfanyia kazi ana kasuku wa kijivu, na kasuku huyo ana bima. Akiugua, kampuni inalipa sehemu ya matibabu. Ujumbe ulizunguka simu zetu zote pale Base Camp. Watu walicheka sana, kisha wakaacha kucheka. Mzee mmoja akasema kwa Kiswahili chetu cha kule: "Ndege iko na asiranse, na siye je?"

Nimelichukua swali la mzee kwa uzito. Bima, ukiondoa karatasi na mihuri, ni mapatano tu ya nani atabeba hasara ikitokea. Na kasuku wa msitu wetu ameleta hasara nyingi katika miaka mia moja na zaidi: ndege waliokufa njiani, watu walioumwa mapafu, kuku walioteketea. Nilitaka kujua, kwa kila hasara, nani aliibeba.

Bima ya mnyama haikuanza na mapenzi. Ilianza na farasi na ng'ombe, yaani mali ya kazi. Sweden walikuwa wanaandika bima za namna hiyo mwaka 1890. Mwaka 1924, nchini humohumo, mbwa akakatiwa bima yake. Uingereza wakafuata mwaka 1947. Marekani walichelewa mpaka 1982, na mnyama wao wa kwanza alikuwa mbwa wa kwenye televisheni, Lassie. Ndege wa nyumbani walikuja nyuma ya mbwa na paka.

Leo mtu wa London au Chicago anaweza kukata bima ya kasuku dhidi ya magonjwa, na kampuni nyingine zinalipa hata ndege akiibiwa, akifa au akiruka asirudi. Ndege huyo anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, na daktari wake ni ghali. Magonjwa yenyewe si machache. Kuna ukungu unaoota ndani ya mapafu, hasa akipewa karanga zilizovunda. Kuna virusi vinavyoharibu manyoya na mdomo. Kuna upungufu wa chokaa mwilini unaomtia kifafa. Kuna huzuni ya kukaa peke yake, inayomfanya ajinyonyoe mwenyewe mpaka kifua kibaki uchi. Lakini kampuni huuliza kwanza: ana pete mguuni au kifaa cha utambulisho chini ya ngozi? Ulimnunua wapi? Karatasi iko wapi? Daktari amemwona lini? Ndege asiye na karatasi hana thamani mbele ya bima, hata kama anajua kuita majina yenu wote.

Sasa turudi msituni, maana huko ndiko hasara ya kwanza ilikobebwa. Wanaotega kasuku Maniema na mikoa ya jirani hutumia ulimbo. Wanapaka utomvu unaonata kwenye matawi, wanamfunga kasuku mmoja juu ya mti awaite wenzake, na kundi likitua linanasa. Manyoya ya mabawa hukatwa. Ndege hujazwa kwenye vizimba, husafirishwa kwa pirogi, kwa baiskeli, kisha kwa ndege ya mizigo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanasema kati ya theluthi moja na theluthi mbili hufa kabla ya kumfikia mnunuzi wa mwisho. Mnunuzi hulipia ndege aliye hai tu. Aliyekufa kwenye pirogi ni hasara ya kijana aliyepanda mti.

Na hii haikuwa biashara ndogo. Kati ya 1982 na 2014, kasuku wa kijivu zaidi ya milioni 1.3 waliotolewa porini waliuzwa nje ya nchi zao kwa karatasi halali. Walioandikwa ni wale waliofika. Mkataba wa CITES ulikuwa umemweka ndege huyu kwenye orodha ya pili tangu 1981, yaani auzwe kwa kibali. Vibali vilitolewa, na misitu ikanyamaza. Ghana walipoteza karibu wote. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi zilikubaliana kumpandisha orodha ya kwanza, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini imekatazwa. Uganda nayo ilitunga sheria mpya ya wanyamapori mwaka 2019. Kwa viumbe walio hatarini kutoweka, na kasuku wa kijivu ni mmoja wao, adhabu inaweza kufika faini ya shilingi bilioni 20 au kifungo cha maisha.

Hasara ya pili ni ya mapafu ya watu. Mwaka 1879, mji wa Uster nchini Uswisi, watu wa nyumba moja na waliowatembelea waliugua homa na kichomi, na daktari aliona kwamba ugonjwa ulihusiana na ndege waliofugwa mle ndani. Mwaka 1892 Paris ikapata mlipuko baada ya kuletwa kasuku 500 kutoka Buenos Aires, wengi wao wakiwa wamefia baharini. Ugonjwa ukapewa jina kutokana na neno la Kigiriki la kasuku: sitakosisi.

Kisha ikaja Krismasi ya 1929. Katika mji wa Annapolis, Marekani, mume alimnunulia mkewe kasuku wa zawadi. Ndege alikufa, na watu wa nyumba wakaugua. Taarifa zikaanza kumiminika kutoka miji mingine, Ulaya na Argentina pia. Marekani peke yake walihesabu wagonjwa 169, na 33 wakafa. Serikali ilipeleka ndege wagonjwa kwenye maabara yake mjini Washington, chini ya daktari Charles Armstrong. Mtu aliyewahudumia ndege wale pamoja naye aliitwa Henry Anderson. Anderson aliugua, akafa Februari 1930. Armstrong mwenyewe aliugua akapona. Rais Hoover alikuwa amekataza kuingiza kasuku nchini tarehe 24 Januari. Miezi michache baadaye maabara ile ilikuzwa na kupewa jina la Taasisi ya Taifa ya Afya, ambayo leo ni kubwa kuliko zote za utafiti wa tiba duniani.

Mimi humfikiria sana Anderson. Mwenye duka alipata faida yake. Daktari alipata jina katika vitabu. Mtu aliyekuwa akivuta vumbi la vizimba kila siku alipata kaburi.

Tunajua sasa kilichomuua. Ni bakteria anayekaa kwa kasuku, na pia kwa njiwa, bata na hata kuku. Hutoka kwenye kinyesi na maji ya puani, vikikauka vinakuwa vumbi, na mtu anavuta. Ndege anaweza kuonekana mzima kabisa. Akisongamanishwa, akinyimwa chakula, akisafirishwa usiku kucha ndani ya gunia, ndipo humwaga bakteria wengi zaidi. Kwa binadamu, siku 5 hadi 14 baada ya kuvuta vumbi, huja homa, kichwa kuuma sana, misuli kuuma, kikohozi kikavu, wakati mwingine kichomi kikali. Dawa ipo, doksisaiklini, na haina bei kubwa. Shida ni kutambua. Hapa kwetu homa yote huanza kuitwa malaria. Kwa hiyo ninyi wahudumu wa afya wa kijiji na ninyi wa zahanati, nawaomba kitu kimoja kidogo: kipimo cha malaria kikisema hapana na mgonjwa anakohoa, muulizeni kama kuna ndege ndani ya nyumba anayolala. Na wewe mgonjwa, sema kabla ya kuulizwa.

Hasara ya tatu ni ya kuku, na hapa hadithi inafika mlangoni kwetu.

Kuna ugonjwa ambao wengi tunauita kideri. Kuku anaangusha mabawa, anaharisha kijani, shingo inapinda, na ndani ya siku chache boma zima limebaki manyoya. Wataalamu waliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1926, Java na mji wa Newcastle nchini Uingereza. Kasuku anaweza kubeba virusi vyake muda mrefu bila kufa. Mwaka 1971 virusi hivyo viliingia kusini mwa California pamoja na ndege wa mapambo kutoka nje, kasuku wakiwamo. Mpaka moto unazimwa, mwaka 1974, karibu ndege milioni 12 walikuwa wameuawa, wengi wao kuku wa mayai, na gharama ilifika dola milioni 56. Serikali iliwalipa fidia wafugaji.

Baada ya hapo dunia ya matajiri iliendelea kujifungia. Oktoba 2005 virusi vya mafua ya ndege, H5N1, vilionekana karantini nchini Uingereza, mahali walipokuwa wamewekwa kasuku na ndege wengine kutoka nje. Ulaya ikafunga mlango kwa ndege wa porini, na mwaka 2007 ukafungwa moja kwa moja. Mlango ukifungwa kule, biashara haifi, inatafuta njia nyingine. Na njia mojawapo ni barabara tunayoijua.

Wengi wetu tulivuka Bunagana, tukalala Nyakabande, tukapandishwa basi kupitia Kabale na Mbarara hadi hapa. Kasuku wa magendo kutoka Kongo wanaopitia Kisoro hufuata lami hiyohiyo. Mwaka 2022, mwaka ambao Bunagana iliangukia mikononi mwa M23 na watu wakamiminika Kisoro, watu wenye kasuku zaidi ya mia moja walikamatwa katika wilaya hiyohiyo. Ndege walionaswa namna hiyo hutibiwa kwanza, na wengine huishia kituo cha wanyama cha Entebbe. Hao ni wa bahati. Wengine hudondoka njiani, mmoja hapa, wawili pale, wakauzwa bei rahisi kwa sababu wanaumwa.

Mmoja wao alifika kwetu. Kijana wa mtaa wetu alimnunua kwa akiba ya miezi mingi, akitumaini kumuuza Kampala. Alimweka kwenye kizimba cha waya ndani ya nyumba ya turubai, karibu na mbabula. Ndege hupumua kwa mapafu membamba sana. Moshi wa makaa unaotukoholesha sisi unamuumiza yeye mara nyingi zaidi. Kizimba kilipooshwa, maji yalimwagwa nje, kuku wa majirani wakadonoa hapohapo.

Wiki ya tatu, mama mmoja nyumba ya nne kutoka hapo alipoteza kuku kumi na wanne ndani ya siku tano. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula ulipopangwa kwa makundi, kuku hapa Nakivale ni benki. Wale kumi na wanne walikuwa karo ya binti yake anayesoma Mbarara. Mama alisimama mbele ya nyumba ya kijana na kusema mbele ya watu wote: "Ndege yako njo iliua kuku yangu. Utanilipa." Kijana akajibu kwa heshima, maana ni mama wa rika la mama yake: "Mama, mimi sina kitu. Na hata huyu naye anaumwa." Ilibidi mwenyekiti wa mtaa aitwe.

Niliombwa niulize. Nilikwenda Mbarara kwa shughuli nyingine, nikamtafuta daktari wa mifugo, nikamweleza. Alinisikiliza vizuri. Akasema mambo mawili. La kwanza, bila mzoga mbichi uliowekwa kwenye barafu na kuletwa mapema, hakuna mtu awezaye kuapa kwamba ni kideri, wala kwamba kilitoka kwa kasuku. Kideri huja karibu kila kiangazi bila kasuku yeyote. Huja na kuku wa sokoni, na viatu, na matenga. La pili, ndege mgonjwa asiyejulikana alikotoka hapaswi kukaa hatua ishirini kutoka kwenye kuku wasiochanjwa, na hilo halihitaji maabara.

Kasuku mwenyewe alikufa wiki ya sita. Alikuwa amejinyonyoa kifua chote na anapumua mdomo wazi. Kijana alimzika nyuma ya choo. Naye amepoteza akiba yake, na hasara yake haiwezi hata kusemwa kwa sauti, kwa sababu anayedai fidia ya kasuku wa magendo anakiri kosa. Basi hesabu niliyoianza ulimbo unaponasa ikaishia hapo: mtegaji, ndege, Anderson, mama, kijana. Kila aliyekaa karibu na kizimba alibeba. Bima ilimsubiri kasuku wa mwisho, yule mwenye pete na karatasi, ng'ambo.

Je, sisi hatuna bima kabisa? Serikali ya Uganda ilianzisha mpango wa bima ya kilimo mwaka 2016, na mfugaji mdogo hulipiwa nusu ya ada yake. Kuku wamo. Lakini bima ya mifugo huanza na maswali yaleyale: wako wangapi, wamechanjwa lini, nani shahidi? Mwenye kuku kumi na wanne wanaolala chini ya kitanda hana pa kuanzia. Kwa afya ya binadamu, Bunge lilipitisha muswada wa bima ya taifa Machi 2021, ila haukuwa sheria. Zahanati za hapa hazitudai pesa, lakini dawa ikikosekana, tunajua nani ananunua.

Hata hivyo, historia ya bima haikupita Sweden peke yake. Wenyeji wetu wa Ankole na Kigezi walikuwa na engozi, machela ya kusuka. Milima ni mirefu, barabara hakuna, mgonjwa anabebwa mabegani mpaka hospitali. Mtu mmoja hawezi, kwa hiyo kila kijiji kiliunda chama cha kubebana. Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi, Rukungiri, ilivitumia vyama hivyohivyo kuanzisha bima: kaya za chama kimoja zinalipa pamoja, mmoja wao akilazwa, gharama nyingi zimeshabebwa. Kwetu Kongo, hospitali ya Bwamanda ilikuwa imefanya jambo la namna hiyo tangu 1986. Na likelemba kila Mkongo anaijua.

Ndiyo maana baada ya ugomvi ule kaya 23 za mtaa wetu ziliketi. Hatukuhukumu kideri kilitoka wapi. Tuliandika katiba ya ukurasa mmoja. Kila kaya inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa ya kwanza inanunua chanjo, ile ya tone la jicho, kila baada ya miezi minne, kwa kuku wote wa siku moja. Kuku mgeni anakaa peke yake wiki mbili. Kuku aliyekufa haliwi, hauzwi, hatupwi ziwani. Anazikwa shimo refu. Aliyechanja akipoteza kuku, sanduku linampa vifaranga vya kuanzia. Ndege wa porini haingii mtaani, na aliyeshawishiwa kununua aje aseme kabla hajalipa, si baada.

Palikuwa na mabishano kuhusu kijana. Wengine walitaka abaki nje. Mama wa kuku kumi na wanne ndiye aliyesema aingie, kwa sababu, alisema, mtu asiyekuwa ndani hatasikiliza sheria zetu. Leo kijana ndiye anayekwenda kuchukua chanjo na kuirudisha kwenye chupa ya barafu kabla jua halijawa kali.

Hatukuanzisha kampuni. Hatuwezi kumlipa mtu kuku kumi na wanne wote, na mzee aliyeuliza swali bado hana asiranse ya mapafu yake. Lakini vyama vya engozi vina kanuni moja ambayo tuliiandika mwishoni mwa katiba, kwa Kiswahili chetu, baada ya mwenyeji mmoja kutueleza: asiyekuja kubeba, siku yake hatabebwa. Kaya zote 23 zilitia kidole.